Faini ya Mtani

Jogoo alinunuliwa sokoni Tandika asubuhi, na Mwamvita alimchagua kama mtu anayechagua kidonge cha kumeza, bila kumtazama sana. Mwenye kuku akamsifia manyoya, akamsifia kidari, akaapa kwamba akiingia kwenye pilau huyu, mtaa mzima utaulizana. Mwamvita akamwambia si wa pilau, ni wa faini. Yule bwana akacheka mpaka akashika tumbo.

"Umemkasirikia mtani, sista? Msibani?"

"Nifungie miguu, nina haraka," alisema Mwamvita.

Alikuwa kweli amemkasirikia mtani, tena mbele ya jeneza la baba yake mzazi, watu wa Yombo wote wanatazama. Baba yake, Mzee Mfaume, alikuwa Mzaramo wa Maneromango, na msiba wa Mzaramo haujakamilika mpaka mtani afike. Mtani ana ruhusa zake siku hiyo. Anavaa kofia ya marehemu, anatembea kama marehemu, anakohoa kama marehemu, na wafiwa, hata kama roho zinawachoma, wanatakiwa wacheke au angalau wanyamaze. Atakayekasirika atalipa kuku. Hilo halina mjadala, na kwa hili la Mwamvita hakukuwa hata na haja ya mashahidi.

Mtani aliyekuja ni Leonardi, Mnyamwezi wa Tabora, mzee mwenye matege na sauti ya kuita ng'ombe. Yeye na Mzee Mfaume walifyatua matofali pamoja Tegeta kwa miaka thelathini na ushei. Watu walipomwona anaingia uwanjani na kofia ya kaki ya marehemu kichwani na beleshi begani, walijisogeza wapate kuona vizuri. Walidhani atachimba, atachanganya zege la hewa, atatoa jasho la uongo, kwa sababu Mzee Mfaume alijulikana kwa kazi na si kwa kingine. Leonardi hakufanya hivyo. Alivuta ndoo, akaipindua, akakaa juu yake, beleshi kalilaza magotini, shavu kaliegemeza kiganjani.

"Mzee Mfaume, njoo ubebe jeneza!" vijana walimchokoza.

Leonardi akatikisa kichwa taratibu. "Siwezi. Nimekatazwa."

"Mzee Mfaume, mchanga umekuja, shusha!"

"Jamani, si nimewaambia nimekatazwa?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Na hapo ndipo Mwamvita alipotoka upande wa wanawake, kanga inamwanguka, akampita baba yake mdogo Shomari, akampita shehe, akamsukuma yule mzee mpaka akaanguka kutoka kwenye ndoo.

"Baba yangu hakuwa mvivu!" alipiga kelele. "Baba yangu hajakaa hata siku moja!"

Akamnyang'anya lile beleshi. Na alipolishika ndipo alipolitambua, mpini wake wa mninga, kile kipande cha bati kilichopigiliwa shingoni kwa misumari mitatu. Beleshi hilo alikuwa ameliuza yeye mwenyewe.

Hebu tulisimulie hili lote, maana ndilo lililokuwa linamnyima Mwamvita utulivu, siyo kuku.

Mwamvita ni mtoto wa kwanza katika watoto watano, mwanamke wa miaka arobaini na sita, msimamizi wa kantini ya kiwanda kimoja huko Mikocheni. Usimamizi kauanza zamani. Alipokuwa na miaka minane, mama yake, Bi Chausiku, alikuwa akimtuma kumpelekea baba chakula alikokuwa anajenga, na katoto kale kakifika hakaondoki. Kalikuwa kanazunguka na sufuria tupu kichwani, kanahesabu matofali, kanawakemea vibarua wanaokaa kivulini. Baba yake akawa anamwita msimamizi wangu. Jina hilo likaisha utotoni kama yanavyoisha majina ya utotoni, ila tabia ilibaki.

Sasa, wiki tatu na ushei kabla ya msiba, mwenzake wa kazini alirudi kutoka Tegeta akamuuliza mbele ya watu, "Mwamvita, yule mzee anayesukuma toroli la mchanga pale barabarani si baba yako?" Hakusema kwa ubaya. Lakini Mwamvita alitamani ardhi impokee. Mzee wa miaka sabini na sita, mwenye watoto watano wazima, watatu wana kazi za mishahara! Alirudi nyumbani kachemka. Akamkuta baba yake bado hajarudi, na akamkuta muuza vyuma chakavu anapita na mkokoteni. Siku hiyo beleshi lilikuwa nyumbani kwa sababu mzee alikuwa amelileta kulikaza mpini. Mwamvita akalitoa uvunguni, akalipima mkononi, akaliuza kwa bei ya mche wa sabuni.

Mzee alipofika akamwambia yote, kasimama katikati ya uwanja, majirani wanasikia. "Baba, unatutia aibu. Watu wanasema tumeshindwa kukulisha. Kazi basi. Beleshi nimeuza."

Mzee Mfaume alikuwa mtu wa maneno ya kuhesabu. Alivua kofia, akaikung'uta vumbi.

"Nimesikia," alisema, akaingia ndani.

Kesho yake alfajiri akatoka kama kawaida. Na keshokutwa. Kila siku kwa siku ishirini na mbili aliondoka kabla jua halijachomoza, akarudi jioni na vumbi la saruji kwenye nyusi. Alimjibu Mwamvita salamu na hakumwongezea neno. Na kulikuwa na jingine lililomtia mama yake wasiwasi. Miaka yote ya ndoa yao, kila jioni, Bi Chausiku alikuwa akimpaka mzee mafuta ya nazi mikononi, kwa sababu saruji ilikuwa imemla vidole. Ncha za vidole vyote kumi zilikuwa na mipasuko, mingine imezama mpaka nyama inaonekana, na akipapasa shuka vidole vinanasa nyuzi. Tangu siku ya yale maneno, mzee hakunyoosha mikono tena. Mama akileta kibakuli cha mafuta anaambiwa, "Acha tu," na mikono inaingia mifukoni.

Mwamvita aliona yote hayo na akayasoma kwa namna moja: baba kanunia, baba anafanya kazi kwa kunikomoa. Alipanga kumwomba radhi. Alipanga Ijumaa moja, ikapita, akapanga nyingine. Siku ya ishirini na mbili simu ikapigwa kutoka Tegeta kwamba mzee kaangukia kazini, na walipofika hospitali alikuwa ameshakata roho.

Haya, sasa mweke mtu huyo mbele ya jeneza, halafu mwonyeshe beleshi aliloliuza. Maana yake ni nini, kama si kwamba baba alilifuata, akalinunua tena, akaendelea kuchota mchanga kwa hasira mpaka moyo ukasimama? Ndivyo Mwamvita alivyoelewa. Baba kafa bila kumwachia radhi, na aliyemuua ni yeye kwa ulimi wake. Tangu siku hiyo hakukaa. Akiketi kwenye mkeka anainuka, akishika tasbihi anaiweka, akiosha chombo anakiosha tena. Mama yake, aliyekuwa ndani ameshika eda, alimwambia atulie maana anamtia kizunguzungu. Matanga yakaanuliwa siku ya tatu na yeye bado anazunguka uwanja kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Baba mdogo Shomari ndiye aliyemwita siku ya nane.

"Mie sikusemi," alisema. "Uchungu tunaujua. Ila Leonardi hawezi kukanyaga hapa mpaka umlipe, na arobaini bila mtani itakuwaje? Mpelekee kuku wake. Na beleshi lake umrudishie, mtani akishakamata kitu ni chake."

Basi ndiyo hii siku ya tisa. Mwamvita kapanda bodaboda Tandika, jogoo ndani ya kiroba, kichwa kimetokeza kwenye tundu, beleshi kalishika wima kama askari wa zamani. Dereva alitaka kujua kama anakwenda kufunga ndoa au kuzika.

"Endesha," alisema Mwamvita.

Wakaikamata barabara ya Mandela, wakachelewa Ubungo kama watu wote wanavyochelewa Ubungo, wakatokea Mwenge, wakaishika barabara ya Bagamoyo. Na kila mahali alipotazama aliona ukuta. Hakuwahi kuzitazama kuta za Dar es Salaam hivyo. Baba yake alitoka Maneromango na miaka kumi na sita, na kazi ya kwanza ilikuwa kuchimba mitaro ya mabomba Kinondoni, ambako alilala wiki nzima ndani ya bomba lenyewe kwa kukosa chumba. Baadaye akapandisha zege kwa karai, ghorofa kwa ghorofa, wakati mashine ya kupandishia ilikuwa mgongo wa mtu. Alimwoa Chausiku akiwa na suruali mbili. Tegeta alikwenda ikiwa bado mikorosho na mihogo, akamkuta Mnyamwezi mmoja amesimama peke yake na mashine ya mkono ya kufyatulia matofali, hana wa kumshikia upande wa pili. Akaushika upande huo na hakuuachia tena.

Zamani, wakipita pamoja kwenda kwa ndugu zao Bunju, mzee alikuwa akiinua kidole. Ile nyumba ya kijani ni ya kwetu. Ule uzio, kasoro safu mbili za matofali za juu. Watoto walikuwa wakicheka, kwa sababu kwao wenyewe Yombo walikaa miaka kumi na miwili kwenye vyumba viwili vya udongo kabla ya tofali la kwanza kuletwa. Lakini walikula kila siku. Sare za shule hazikuchelewa hata muhula mmoja. Mwamvita aliyakumbuka hayo, akamwambia dereva aongeze mwendo, na dereva akamuuliza kwani foleni haioni.

Kiwanja cha Leonardi kilikuwa nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, kimejaa safu za matofali yaliyofunikwa magunia mabichi. Mzee mwenyewe alikuwa anayamwagilia maji kwa kopo. Alimwona Mwamvita, akamwona jogoo, akaendelea kumwagilia.

"Shikamoo mzee," alisema Mwamvita.

"Marahaba. Wazaramo bwana! Siku tisa kuleta kuku mmoja, na kuku mwenyewe kama kaugua." Akamchungulia jogoo. "Huyu mlikuwa mnamchezesha ngoma usiku?"

Mwamvita hakuwa na nafasi ya kucheka. Akaweka kiroba chini, akaweka beleshi juu ya safu ya matofali, na maneno aliyoyapanga njia nzima yakatoka shaghalabaghala.

"Faini ndo hiyo. Nimekosa, naomba unisamehe. Lakini mie nina swali, na nakuomba usinitanie. Nimeshindwa kulala, nimeshindwa kukaa. Baba alikufa ana kinyongo na mie?"

Leonardi akaweka kopo chini.

"Swali hilo nilishalijibu," alisema. "Nililijibu siku ya msiba, ukanisukuma."

"Ulimfanya mvivu mbele ya watu!"

"Nilifanya nilichokiona." Akajifuta mikono kwenye suruali. "Sikiliza, Mzaramo. Maneno yangu ukitaka yatupe, maneno ya mtani hayashikwi. Ila nikiiga siongezi chumvi. Baba yako alikuja hapa asubuhi ile baada ya wewe kuliuza beleshi lake. Kalifuata kwenye mizani ya vyuma chakavu, kalinunua. Nikamwambia haya, mchanga ule pale. Akasema siwezi, nimekatazwa. Nikamuuliza nani wa kukukataza wewe? Akasema, msimamizi wangu."

Jina lile hakuwa amelisikia kwa miaka thelathini.

"Akavuta ndoo ileee," Leonardi akaonyesha kwa kidevu, "akaipindua, akakaa. Beleshi magotini. Siku nzima! Kesho yake tena. Nikawa namgombeza, Mfaume, kama umeacha kazi kaa kwako, Yombo mpaka hapa ni safari. Anasema nyumbani sijui kukaa, sijawahi kukaa, ntakaaje? Acha nijifunzie hapa. Nikishazoea ndo ntamwambia mwanangu." Akakohoa. "Aliona aibu, unafikiri? Mkubwa mzima anajifunza kukaa."

"Kila jioni alirudi na vumbi la saruji," Mwamvita alisema, karibu kwa ukali.

"We umesimama hapa dakika ngapi? Hebu jitazame miguu."

Mwamvita akatazama. Viatu vyake vyeusi vya msibani vilikuwa vimeshakuwa vya kijivu.

"Siku ishirini na mbili hajanyanyua tofali," aliendelea Leonardi. "Hata kopo la maji nilimpa akakataa. Anakaa pale anatazama vidole vyake. Ananiita, Leonardi, njoo uone, hiki kimefunga. Kesho yake kingine. Anafurahi kama kapata jino jipya! Asubuhi aliyoanguka alikuwa amekaa hapohapo. Sikumwona hata akianguka, niliona ndoo inaviringika."

Sauti ya kuita ng'ombe ilikuwa imepungua. Mzee akaokota kopo lake akarudi kumwagilia, na alimwagilia tofali moja hilohilo mpaka maji yakatiririka chini.

Mwamvita alitaka kumwamini kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Na hapo ndipo alipokuwa taabani. Huyu ni mtani. Kazi yake ni kuwachekesha wafiwa, na kwa mfiwa anayelia mbele yake, mtani ana haki ya kutunga lolote. Akazunguka safu ya matofali mara moja, akaizunguka mara ya pili, jogoo anamfuatisha kwa shingo. Kisha akasimama, akatoa simu, akampigia mdogo wake Suhaib. Suhaib alikuwa mmoja wa watu watatu walioingia kumwosha maiti.

"Dada, umefika? Kakusamehe?"

"Suhaib, wewe ulimwosha baba."

"Ndiyo."

"Mikono yake ilikuwaje?"

Kwa nyuma ilisikika honi, na mtu akinadi karanga.

"Nani kakwambia?" aliuliza Suhaib.

"Hakuna aliyeniambia. Nijibu tu."

"Mie nilitaka kuwaambia, nikaona mtanishangaa." Suhaib akashusha sauti. "Nilivyokuwa namwosha vidole niliogopa, si unajua vilivyokuwaga, mafuta yenyewe alikuwa hataki tena. Nikashika taratibu nisimwumize. Dada, havikuwa na kitu. Vyote kumi vimefunga, laini, kama vya karani. Nikamwambia baba mdogo Shomari, akasema maji hulainisha, endelea kuosha. Lakini maji yanafungaje vidonda? Dada? Dada, uko hapo?"

Mwamvita alikuwa hapo, machozi yanamtiririka waziwazi, hana mpango wa kuyafuta. Alimwambia Suhaib atampigia baadaye.

Leonardi hakugeuka. "Huyu jogoo," alisema akiwa amempa mgongo, "nimchinje sasa hivi au nimngoje anenepe? Maana Wazaramo mtasema nimekula mgonjwa."

"Mchinje," alisema Mwamvita. "Nitampika mie. Una sufuria?"

"Sufuria ipo. Moto uwashwe kwanza. Wewe subiri, usiguse kitu."

Ndoo ilikuwa palepale karibu na ukuta, imepinduliwa, kitako chake kimebonyea katikati. Mwamvita akaliinua beleshi kutoka juu ya matofali, akaenda nalo pale, akakaa.